Shamba Lenye Jina

Hotuba hii ilitolewa mwezi Agosti mjini Dodoma, mbele ya wakulima wa zabibu. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shambani siku hiyo na hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, vijana wenzangu, mbukwenyi!

Nasimama hapa kwa woga kidogo, kwa sababu wengi wenu mlianza kupogoa mizabibu kabla mimi sijazaliwa, na wawili kati ya wazee waliokaa mstari wa mbele ndio walionifundisha kushika mkasi. Kwa hiyo sikuja kuwafundisha kilimo cha zabibu. Nimekuja kutoa taarifa, kama kijana aliyetumwa mbali anavyopaswa kurudi kwa waliomtuma na kueleza alichokikuta.

Misimu miwili, wa 2022 na wa 2023, nilifanya kibarua cha kuvuna na kuhudumia mvinyo katika eneo la Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa. Nasema kibarua, na narudia, kibarua, asije mtu akadhani nilikwenda kutalii au kukaa darasani. Nililipwa kwa saa, nililala chumba kimoja na wenzangu watano, na mgongo wangu haujasahau hadi leo. Najua pia kwamba wapo kati yetu ambao imani yao haiwaruhusu kuonja mvinyo. Wasiwe na wasiwasi, kwani nitakayoyasema yanahusu zabibu, udongo na ulimi, na hakuna atakayewekewa glasi mbele yake.

Basi Bourgogne ni mahali pa namna gani? Sehemu niliyofanya kazi inaitwa Côte d'Or. Ni mteremko mmoja mrefu na mwembamba, unaoanzia karibu na jiji la Dijon na kuelekea kusini ukipitia Nuits-Saint-Georges na Beaune, kwa kilomita kama 50, ukitazama mashariki lilipo jua la asubuhi. Juu ya mteremko ni msitu, chini ni barabara kuu, na katikati ni mizabibu mitupu. Mizabibu hiyo imebanana kiasi ambacho mkulima wa hapa angesema mwenye shamba amekosea vipimo, maana mche na mche ni mita moja, mstari na mstari ni mita moja, na hekta moja hubeba miche ipatayo 10,000. Tena ni mifupi. Sisi tumezoea kukata kichala tukiwa tumesimama, lakini kule vichala vinaning'inia usawa wa goti, na unakata umeinama kuanzia alfajiri mpaka jioni. Nilipowaambia wenzangu kwamba kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na tena Agosti hadi Septemba, walidhani Kifaransa changu kimenipotosha. Wao huvuna mara moja tu, na mavuno yakiharibika, wamengoja mwaka mzima bure.

Nianze na mkono.

Siku ya kwanza nilitaka kuonekana hodari. Nilikata kwa kasi, nikajaza ndoo yangu kabla ya mtu yeyote katika mstari wetu, nikainyanyua ili mbebaji aje kuichukua. Msimamizi wetu, mama wa umri wa mama yangu mzazi, alinizuia kwa kidole. Akaingiza mkono ndani ya ndoo, akatoa kichala kimoja ambacho kwa macho yangu kilikuwa kizuri, akakipasua katikati kama mtu anayepasua chungwa, akanisogezea puani. Ndani, karibu kabisa na kikonyo, kulikuwa na punje tatu zilizooza, zenye harufu ya siki. Akaniambia, "Hizi tatu ukiziacha humu leo, mimi nitazikuta kwenye pipa mwezi Machi." Kisha akamwaga ndoo yangu yote juu ya turubai, akaniachia nichambue upya kichala kimoja kimoja, huku wenzangu wakiwa wamefika mwisho wa mstari na wanakula mkate.

Niliona aibu, ndugu zangu, lakini nilielewa. Baada ya shambani, zabibu zile zile zilipita tena juu ya meza ndefu yenye mkanda unaotembea, watu sita wakiwa wamesimama huku na huku, wakitoa majani, wadudu, punje mbichi na punje zilizooza. Zabibu ilikuwa inakaguliwa mara mbili na watu, kabla mashine yoyote haijaigusa.

Sasa niwaulize. Lori letu linapojazwa saa nne asubuhi na kufika kiwandani jioni, magunia ya chini yakiwa yamekandamizwa na ya juu, maji ya zabibu yakichuruzika barabarani na nyuki wakilisindikiza, je, tunampelekea mnunuzi zabibu, au tunampelekea siki iliyokwisha kuanza kazi?

Nawaona wanaotikisa kichwa, na najua jibu lao. Mtasema kwamba bei ya kilo ni ile ile, kwa aliyechambua na kwa asiyechambua, kwa hiyo kuchambua ni kumchambulia mwingine. Mna haki. Na hapo ndipo nilipotaka tufike, kwa sababu kule nako mkono peke yake hauleti bei. Kinacholeta bei ni jina la shamba.

Katika pishi la mwajiri wangu, chini ya nyumba yake, kulikuwa na mapipa ya mwaloni yamepangwa safu mbili, kila moja la lita 228, kipimo ambacho wenyeji wamekitumia kizazi baada ya kizazi. Jioni moja, baada ya kuosha sakafu, mzee aliniita. Alichovya bomba la kioo kwenye pipa la kwanza, akaniwekea mvinyo kidogo kwenye glasi. Akahamia pipa la pili, akaniwekea katika glasi nyingine. Aina ya zabibu ilikuwa moja, Pinot Noir. Mwaka wa mavuno ulikuwa mmoja. Aliyekamua ni mmoja, mapipa yalitoka kwa fundi mmoja. Akasema, "Niambie tofauti."

Wa kwanza ulikuwa mwembamba na mkali kidogo, wenye harufu ya zambarau na kitu kama vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza ya Desemba, harufu ambayo kila mtu wa Dodoma anaijua. Wa pili ulikuwa mnene, umetulia mdomoni kama uji uliokolea, na mwisho wake ulibaki na ukakasi. Neno ukakasi sikulijua kwa Kifaransa, ikabidi nimweleze mzee habari za ndizi mbichi na mabibo ya korosho, namna ulimi unavyokunjamana. Alilipenda neno hilo akanitaka nilirudie, akajaribu kulitamka, akashindwa. (Nakiri kwamba nilijivuna kidogo. Lugha yetu ina neno moja tu kwa jambo ambalo wao walinieleza kwa sentensi nzima.)

Nikamuuliza mashamba hayo mawili yako umbali gani. Kesho yake alinipeleka. Yanatenganishwa na njia ya miguu! Upande wa juu wa njia udongo ni kiasi cha shubiri moja au mbili, halafu unakutana na mwamba wa chokaa. Upande wa chini udongo ni mzito, wa mfinyanzi, umeteremka na maji kwa maelfu ya miaka. Mtu anaweza kusimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule. Lakini kila upande una jina lake, na kila jina lina pipa lake, na kila pipa lina bei yake.

Wazee wangu, majina hayo yametoka wapi? Hayakutungwa na wauza chupa. Mwaka 1098 watawa walianzisha monasteri mahali panapoitwa Cîteaux, chini kidogo ya mteremko ule, na katika karne zilizofuata walipewa na kununua mashamba ya mizabibu. Walikuwa na muda na walikuwa na subira. Shamba lao kubwa, Clos de Vougeot, walilizungushia ukuta wa mawe ambao umesimama hadi leo. Watawa hao, pamoja na watu wengine wengi wasioandikwa popote, walizoea kutambua kwamba zabibu za kona hii hazifanani na za kona ile. Kuna hadithi kwamba watawa walikuwa wakionja udongo wenyewe kwa ulimi. Mimi siiamini sana, nadhani imenogeshwa kwa ajili ya wageni, lakini inaonyesha wenyeji wanataka kukumbukwa kwa jambo gani. Watawala nao waliingilia kati. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe aliyeitwa Jasiri, aliamuru aina ya zabibu iitwayo Gamay ing'olewe, kwa kuwa ilikuwa ikizaa kwa wingi na, kwa maoni yake, ikiharibu sifa ya mvinyo wa nchi. Fikirini uchungu wa mkulima anayeamriwa kung'oa mche unaozaa sana.

Matokeo yake ni kwamba mwaka 2015 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilipoweka mashamba hayo katika orodha ya urithi wa dunia, vipande vilivyohesabiwa vilikuwa 1,247. Vipande 1,247, kila kimoja kina mipaka yake na jina lake! Wenyeji wanakiita kila kipande "climat", na hawamaanishi hali ya hewa. Wanamaanisha shamba hili, mwinuko huu, udongo huu. Juu kabisa ya ngazi yapo majina 33 tu, yanayoruhusiwa kuandikwa peke yake kwenye chupa bila hata kutaja kijiji.

Sisi hapa tuna kilio kimoja cha siku zote, kwamba mashamba yetu ni madogo mno, ekari moja, ekari mbili, hayawezi kumtoa mtu. Nisikilizeni vizuri. Clos de Vougeot ina hekta kama 50 na wamiliki wapatao 80. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ardhi ya kanisa ilichukuliwa na kuuzwa, kisha sheria ya mirathi ikataka watoto wote wagawane sawa, na kwa miaka mingi mashamba yakakatwa na kukatwa tena. Mwajiri wangu alikuwa na sehemu moja ambayo kwake ilikuwa mistari minne tu ya mizabibu. Mistari minne! Aliivuna peke yake, akaikamua peke yake, ikajaza pipa moja, na lile pipa moja lilimlipa kuliko shamba lake kubwa la bondeni. Karibu na hapo, katika kijiji cha Vosne-Romanée, lipo shamba la Romanée-Conti, ambalo mvinyo wake ni miongoni mwa ile inayouzwa ghali kuliko yote duniani. Nilipofika nilitafuta lango kubwa na walinzi. Nilikuta ukuta mfupi, msalaba wa jiwe, na kibao kinachowaomba wageni wasiingie kati ya mizabibu. Ukubwa wake ni hekta 1.8. Haifiki ekari tano, ndugu zangu! Wapo humu ndani wenye shamba kubwa kuliko lile.

Nisije nikawadanganya kwamba kila kitu kule ni sawasawa. Jina nalo hudanganya. Sehemu ya chini ya Clos de Vougeot, karibu na barabara, ni tambarare na hutuama maji, lakini ina jina lile lile na hadhi ile ile kama sehemu ya juu. Nilipomuuliza mzee kama hiyo ni haki, alicheka akasema ukuta ulijengwa kabla ya swali langu. Mimi sikuridhika na jibu hilo, na sijaridhika mpaka sasa. Tukija kutoa majina yetu, tusianze na ukuta, tuanze na ulimi.

Na sisi tunatoaje majina? Zabibu ya Hombolo, zabibu ya Mpunguzi, zabibu ya Mvumi na zabibu ya Bihawana zinamwagwa kwenye tangi moja. Ikitoka humo inaitwa zabibu ya Dodoma. Mkulima mwenye kichanga, mkulima mwenye udongo mwekundu, mkulima aliye kwenye mwinuko wenye mawe, wote wamekuwa mtu mmoja. Atajulikanaje aliye bora? Atalipwaje zaidi mtu ambaye hajulikani?

Nimetaja ulimi. Hapa nina kisa ambacho bibi yangu amekikataza nisikisimulie mbele za watu, lakini leo hayupo.

Kila asubuhi katika siku za kuchachuka kazi ya kwanza ilikuwa kuonja matangi yote, kumi na moja, kabla ya chai. Unaweka kidogo kwenye glasi, unanusa, unatia mdomoni, unavuta hewa kupitia meno mpaka itoe mlio, unasikiliza ulimi, kisha unatema. Hiyo ndiyo kazi: kutema. Siku ya kwanza sikuambiwa, au niliambiwa sikuelewa, nikawa nameza, kwa adabu, maana kwetu mtu akikupa kitu chake humtemei mbele yake. Tangi la nane nikawa nacheka peke yangu. Kufika saa tano nilitumwa shambani, na wenzangu wanasema nilivuna mistari miwili kwa wakati mmoja. Nilipompigia bibi simu kumweleza kwamba ninalipwa euro kwa kuonja na kutema, aliuliza kama nimekwenda Ulaya kusomea utovu wa adabu.

Lakini baada ya wiki mbili nilijua tangi namba sita kwa harufu, kabla sijafika. Kipimo cha sukari kilining'inia pale, kipimajoto kilikuwepo, na karatasi iliyobandikwa kwenye kila tangi iliandikwa joto na uzito wa maji ya zabibu asubuhi na jioni. Hata hivyo mara mbili mzee alisema, "Hili linaelekea kubaya," wakati vipimo vyote vikiwa sawa, na mara zote mbili siku iliyofuata vipimo vilimfuata. Ulimi wake ulikuwa na miaka arobaini ya kazi. Vijana, ulimi unafundishika kama mkono unavyofundishika kupogoa, na anayekula zabibu za shamba lake kila siku katika wiki za mwisho kabla ya kuvuna, akitafuna na mbegu, kuona kama bado ni chungu au zimeanza kuwa na ladha ya njugu, atajua siku ya kuvuna bila kusubiri lori limwamulie.

Jambo moja la hatari lazima niliseme kwa walioanza kutengeneza mvinyo nyumbani. Zabibu zikichachuka hutoa hewa ukaa, ambayo ni nzito na hukaa chini, ndani ya tangi na sakafuni mwa chumba kisicho na upepo. Tulipopanda kushindilia maganda yaliyoelea juu, tulisimama kwenye ubao, wawili wawili, mlango wazi, na hakuna aliyeruhusiwa kuinamisha kichwa ndani ya tangi. Kabla ya kuingia ndani ya tangi lililomwagwa, mshumaa uliowashwa ulitangulizwa kwa kamba; ukizimika, mtu haingii. Hewa hiyo haionekani, na huua. Msitengeneze mvinyo chumbani mnamolala watoto.

La mwisho ni daftari, na nitalipitia upesi kwa kuwa jua linapanda. Katika mji wa Beaune wanahistoria waliweza kukusanya tarehe za kuanza kuvuna tangu mwaka 1354 hadi 2018. Karibu kila mwaka! Kwa sababu hiyo wanajua kwamba hadi mwaka 1987 mavuno yalianza, kwa wastani, tarehe 28 Septemba, na tangu mwaka 1988 yanaanza mapema zaidi, kwa siku 13 hivi, kwa kuwa joto limeongezeka. Mizabibu inachipua mapema pia, na machipukizi yanakutwa na baridi ya Aprili. Mwajiri wangu alinionyesha kopo tupu la nta ya mshumaa, kumbukumbu ya Aprili 2021, walipowasha makopo ya namna hiyo usiku kucha kati ya mistari ili jalidi isiue machipukizi, na asubuhi bonde zima likawa moshi. Sehemu kubwa ya mavuno ilipotea hata hivyo. Aliniambia yote haya akifungua daftari la baba yake, ukurasa kwa ukurasa.

Mizabibu ililetwa kwetu na wamisionari, na wapo hapa wazee wanaokumbuka miche ya Bihawana. Je, nani ana tarehe ya mavuno ya mwaka 1980? Nani ana ya mwaka juzi? Nilimuuliza baba yangu mwenyewe, akanijibu, "Ilikuwa karibu na ule msiba wa mjomba wako." Nimeandika hivyo hivyo.

Ndugu Mwenyekiti, naomba dakika chache zaidi, lakini si za kusema. Pale mezani, chini ya kanga, yapo mabeseni mawili ya zabibu. Zote ni za aina moja, ile nyekundu iitwayo Makutupora, zote zimekatwa jana jioni, na mashamba yake hayapishani hata nusu saa kwa baiskeli. Moja ni la kichanga cha bondeni na jingine ni la mwinuko wenye mawe. Sitasema lipi ni lipi. Mtafune taratibu, na mbegu zake, na kila mmoja aandike kwenye karatasi aliyopewa mlangoni kile alichokisikia kwenye ulimi, kwa Kiswahili au kwa Kigogo, kwa maneno yake mwenyewe. Mwenyekiti atakusanya karatasi. Wazee watangulie.